Saa ya Dale Mkononi mwa Royce

Jumatatu, 12 Septemba

Nadine amekuja asubuhi na bahasha ya kaki. Wiki tano tangu tumzike Dale mumewe, ndiyo kwanza wanampa vitu vilivyookotwa kwenye mabaki ya ndege: pete, kitambulisho, saa. Saa imesimama. Kioo kimepasuka. Akampa Royce, mume wangu — "Shemeji, mlizivaa pamoja huko juu angani. Labda wewe utaiamsha."

Royce akaigeuza, akaitazama mgongoni. Rangi ikamtoka usoni. Akasema ataitengeneza, akaitia mfukoni. Nadine hakuona kitu, alikuwa anajifuta machozi kwa taulo langu la vyombo. Mimi niliona.

Jumatano, 14 Septemba

Nimemuuliza jana, hakutaka kusema. Leo nikamuuliza wakati anavaa viatu, maana mwanamume mwenye kiatu kimoja hakimbii mbali.

Akasema. Walipotoka angani wakatua baharini mwaka jana, yeye na Dale, mabaharia wa manowari waliwavua mavazi ya anga na kutia saa zote mbili kwenye mfuko mmoja. Saa ni zile zile, mikanda ni ile ile mirefu ya kuvalia juu ya vazi. Kila mmoja akachukua moja. Baada ya wiki Royce akaona namba iliyochorwa mgongoni si yake. Akamwambia Dale wabadilishane. Dale akacheka: bwana, saa iliyokurudisha nyumbani huivui.

Hawa marubani! Uhandisi wamesoma mpaka basi, lakini mwambie mmoja wao apande ndege na soksi mpya uone. Basi wakaacha hivyo hivyo. Royce na saa ya Dale, Dale na saa ya Royce.

"Kwa hiyo iliyoanguka na ndege ni yangu," akasema. "Kifo kilikuja kwa namba yangu, kikamkuta Dale." Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu asiyelala. Akavaa kiatu cha pili, akaenda kazini. Siku nzima mwili wangu baridi, na hii ni Texas.

Ijumaa, 16 Septemba

Wametangaza! Royce ataongoza safari ya angani ya mwakani. Simu haijanyamaza. Wenzangu, wake wa marubani, wameleta makaroni na jibini, pai tatu za njugu za pekani. Atakayeruka naye ni Lindqvist, yule mgeni mwenye masikio makubwa. Mkewe ana mimba ya miezi saba, alikaa kwenye kochi langu akinishika mkono kana kwamba mimi ndiye nitakayeendesha chombo.

Nikampa Royce kahawa. Akatia sukari vijiko vitatu. Miaka kumi na minne ya ndoa, huyu mtu hajawahi kuweka sukari kwenye kahawa. Aliyekuwa akiweka vitatu ni Dale, na tulimcheka kila Jumapili.

Nikatabasamu mbele ya watu.

Jumapili, 18 Septemba

Baada ya kanisa alikwenda kumkatia Nadine majani. Majirani wanamsifu: rafiki wa kweli ndiye huyu. Nikamfuata na chai ya barafu.

Hakuwa uani. Alikuwa jikoni, kwenye kiti cha Dale, anasoma gazeti. Saa ya Dale ameivaa juu ya mkono wa shati, kama walivyozivaa huko juu. Nadine yuko kwenye sinki, amenipa mgongo.

Nikamwita Royce. Nikamwita tena, kwa sauti. Hakuinua hata nyusi. Nadine akasema taratibu, bila kugeuka, "Dale, unaitwa."

Akainua kichwa.

Nadine akanifuata nje. Nisamehe shoga yangu, akasema, nilikuwa najaribu tu. Halafu akasema jambo baya zaidi: "Alipoitika, nilifurahi." Sikujua nimkumbatie au nimzabe kofi. Naogopa. Sijui namwogopa nani kati yao wawili.

Jumanne, 20 Septemba

Mke wa Lindqvist kapiga simu, anacheka. Eti jana kwenye chombo cha mazoezi wakiigiza kuruka, taa ya hatari ikawaka. Kiongozi ndiye wa kuvuta mpini wa kuwarusha nje wote wawili. Royce akakaa, mikono magotini. Akamwambia Lindqvist, "Vuta, Royce."

Mwaka jana Dale ndiye aliyekaa kiti cha kulia, cha msaidizi. Dale ndiye wa kungoja.

Mumeo mcheshi sana, akasema mke wa Lindqvist. Nikasema ndiyo. Mcheshi.

Alhamisi, 22 Septemba

Daktari wao, Pruitt, atakuja Jumamosi kula nyama choma. Kila mtu anajua anakuja kazini. Wanaume hawamwambii hata kama wana mafua, kwa hiyo huwauliza wake zao, sahani mkononi, kana kwamba anapiga soga. Nasi tuna sheria yetu, haijaandikwa popote: anakula vizuri, analala vizuri, ongeza saladi daktari. Mwenzetu mmoja aliwahi kuropoka neno moja juu ya kizunguzungu. Mumewe haruki tena, sasa anatembeza wageni kwenye majengo, na yeye hasalimiwi na mtu dukani.

Nikisema, nimemuua Royce. Hana kingine anachokitaka duniani ila kuruka. Nisiposema, wataruka, taa itawaka kweli, na atakaa na mikono yake magotini. Na yule mwenye mimba?

Nimefikiria kuivunja hiyo saa ya Dale kwa nyundo. Nimengoja aivue. Haivui hata bafuni.

Jumamosi, 24 Septemba

Niko chooni. Shajara naificha humu nyuma ya mataulo. Nimefungua bomba ili wasikie maji.

Pruitt yuko jikoni. Ameniuliza huku anachagua kachumbari, bila hata kuniangalia, "Na huyu bwana wako, Verlene. Tangu rafiki yake afariki, bado ni yule yule?" Nikasema naja, daktari, mara moja. Nikajifungia huku.

Royce yuko nje kwenye mkaa. Nawasikia wanaume wanacheka. Nikitoka nitasema analala vizuri. Nimeshajipangia sentensi. Nimesema mengi kama hayo, si mageni kwangu.

Kuna mtu mlangoni. Naona viatu chini ya mlango. Viatu vya Royce.

Anasema, "Daktari anakungoja." Nimesema najua. Anasema alikuwa dirishani, amesikia swali. Nangoja anikumbushe sheria. Hanikumbushi.

"Mwambie," anasema.

Nimemuuliza nimwambie nini. Anarudia tu, "Mwambie." Nikamuuliza — Mungu anisamehe, namuuliza mume wangu — "Nani anayesema?"

"Mimi. Royce." Sauti imemkatika, sijawahi kuisikia hivyo hata siku ya mazishi. "Mwambie upesi, mke wangu. Kabla Dale hajarudi."

Viatu havijasogea. Nafunga bomba. Sentensi niliyojipangia naiacha humu.