Bima ya Mama Iko kwa Kadi

Jumatatu, 4 Agosti

Bado nasahihisha karatasi za Kidato cha Tatu. Somo la Biashara, swali la bima. Mmoja ameandika kwamba bima ni pesa unazolipa ili mabaya yaogope kuja. Nimempa nusu alama kwa ubunifu.

Enos amepiga simu kutoka Ujerumani. Kaka yangu huyu hawezi kurudi nyumbani mpaka karatasi zake zikamilike, na Mama hajamwona mtoto wa Enos, aliyepewa jina la marehemu baba yetu, ila kwenye simu. Kwa hiyo Mama ndiye anaenda, Novemba shule zikifungwa, nami nitamsindikiza. Miadi ya viza Nairobi ni Jumanne, tarehe 19. Ubalozi unataka cheti cha bima ya safari kwa kila mmoja wetu. Nimemwambia Enos alale usingizi. Bima iko kwa kadi yangu ya mkopo. Msichana wa benki aliyekuja ofisi ya walimu na kalamu za bure alisema hivyo mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Foleni ya benki, asubuhi nzima. Kijana wa dawati la kadi akanipa namba ya simu ya Nairobi. Yaani nimetoka Lurambi nikikanyaga matope ili nipewe namba ya simu.

Nikapiga. Muziki. Muziki tena. Mwishowe mwanamke mwenye sauti ya asali akaniuliza kama tiketi zililipiwa kwa kadi hiyo. Kumbe bima hailali ndani ya kadi ikikungoja. Inaanza kazi pale tu nauli inapolipwa kwa kadi yenyewe. Nikamshukuru. Nikakata simu. Nikakaa kwenye ngazi za benki kama mtu aliyeibiwa.

Tiketi zililipwa na harambee. Mwezi uliopita, kanisani Khwisero, watu walichanga kwa moyo mmoja. Mimi nikasimama mbele yao nikajigamba: bima msijali, iko kwa kadi. Wakapiga makofi. Makofi! Senje Rosa, dada wa marehemu baba, ndiye mweka hazina. Alizibeba pesa kwenye simu yake mwenyewe mpaka kwa wakala wa tiketi mjini, akalipa, na Jumapili iliyofuata akaisoma risiti kanisani. Kwetu ndivyo ilivyo. Pesa ya harambee lazima ionekane ikinunua kile ilichochangiwa. Kama ningelipa kwa kadi halafu nikatia michango ya watu mfukoni, hata kama ni kiasi kilekile, ningeitwa mwizi mpaka kaburini.

Na hilo ndilo hasa benki ilitaka nifanye.

Alhamisi, 7 Agosti

Wakala anasema tiketi zinaweza kufutwa na kulipiwa upya kwa kadi. Pesa zitarudi kwenye simu ya aliyelipa, yaani Senje. Kisha Senje anipe mimi.

Nimeenda Khwisero. Nimemweleza Senje mara tatu, ya tatu nikichora kwa kijiti chini. Akaufuta mchoro kwa mguu.

"Kwa hivyo unataka nikupee pesa ya kanisa kwa mkono."

Nikasema ndiyo, Senje, lakini ni ili kadi ilipe.

"Kadi ni yako."

Ndiyo.

"Mm."

Amekubali, lakini mbele ya mashahidi wawili. Nimeona aibu ambayo sikuiona hata nilipofeli mtihani wa udereva.

Jumamosi, 9 Agosti

Imefanyika. Tiketi mpya, kwa kadi. Mashahidi walikuwa mzee wa kanisa na mkewe. Walisimama pale kwa wakala kama watu waliokuja kutambua maiti.

Habari zimenitangulia sokoni. Mama mmoja wa mboga ameniuliza kama ni kweli safari imekufa na mimi ninaanza kujenga. Kujenga nini? Nimenunua mrenda wake hata hivyo, ili asiseme nimekasirika. Nimekasirika.

Nimemwambia Mama twende tukapige picha za viza, akasema kuku hawajala. Kuku! Sisi sote tunakimbizana kwa ajili yake na yeye anawaza ingokho.

Jumatatu, 11 Agosti

Cheti cha bima kimekuja kwa barua pepe. Jina moja tu. Langu.

Nimepiga simu Nairobi. Safari hii alikuwa mwanamume. Akanisomea masharti: bima ni ya mwenye kadi, mume au mke wake, na watoto wake. Nikamwambia sina mume. Sina watoto. Familia yangu ni huyo mama. Akasema anaelewa, lakini mzazi hayumo. Nikamuuliza kama yeye ana mama. Akasema anaye, na hata yeye hayumo.

Nikacheka mpaka nikalia.

Kisha nikakitafuta kile kijitabu kilichokuja na kadi. Kilikuwa kwenye droo ya vijiko, bado kimefungwa kwenye plastiki yake. Yote yameandikwa. Nauli ilipwe kwa kadi. Mzazi hayumo. Na hata angekuwemo, umri wa Mama umepita kikomo chao. Kila mwaka ninasimama ubaoni nikiandika: soma masharti kabla ya kutia sahihi. Ninapigia mstari. Mjinga mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemnunulia Mama bima yake peke yake, kwa wakala mmoja hapa mjini, ghorofani juu ya duka la viatu. Alinihoji kuhusu presha ya Mama na dawa anazomeza. Nikasema kila kitu. Sitaki tena kusikia neno "lakini" kutoka kwa mtu wa bima. Wazee pia wanachukuliwa, mradi ulipe zaidi kidogo. Shughuli nzima ilichukua muda wa kunywa chai.

Kwa hiyo zile tiketi kufutwa, mashahidi, uvumi wa sokoni, vyote vilikuwa bure kwa Mama. Nimempigia Senje kumwambia. Hakucheka. Alisema tu Jumapili nitasimama kanisani niyaeleze mwenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama amesema haendi.

Alisema hivyo akichambua mboga, bila kuinua kichwa. Enos akapiga; Mama akanirudishia simu kabla hajamaliza salamu. Nikapandwa na hasira. Nilimpigia kelele Mama yangu mzazi jikoni kwake. Nilimtajia Senje, mashahidi, mama wa mboga, muziki wa benki. Nikamuuliza anataka nini zaidi.

Akaacha mboga.

"Nikifia huko, nani atanirudisha?"

Akanikumbusha binamu yake wa Matungu, aliyefia ng'ambo akazikwa hukohuko kwa sababu hakukuwa na njia ya kumleta. Nyumbani wakazika mgomba mahali pake. Mama alikuwapo. Aliwaona wakiufunika mgomba kwa shuka.

"Mimi sitaki baba yenu alaziwe mgomba kando yake."

Wiki zote hizi. Mimi nauliza habari za mizigo kuchelewa na viti vya kupumzikia uwanja wa ndege. Yeye ana swali moja tu, na hakuna aliyemuuliza kama analo.

Nikatoa karatasi za bima yake mkobani. Ukurasa wa pili. Ipo: msafiri akifariki, mwili utarudishwa nyumbani kwa gharama yao. Nikamsomea. Akasema nisome tena, pole pole. Nikasoma kwa Kiluhya.

Mama akarudi kwenye mboga.

Jumapili, 17 Agosti

Nimesimama kanisani. Nimesema nilijisifu kwa kitu ambacho sikuwa nimekisoma, kwamba pesa zao zimelipa nauli kama walivyotaka, na kwamba bima ya Mama ni nyingine, na ipo. Senje akasoma risiti mpya. Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa mboga alinisalimia mlangoni kwa mikono miwili.

Mchana tumekula obusuma, ugali wetu, na mrenda. Mvua ikanyesha ikakatika. Mama amepanga nguo za kwenda Nairobi kesho, na zile karatasi amezifunga kwenye leso yake pamoja na picha za viza. Amependeza kwenye picha, ingawa amekunja uso.

Baadaye akatoka kuwafungia kuku. Akasimama mlangoni.

"Na wewe je? Hiyo kadi yako itakurudisha?"

Nikasema ndiyo, Mama. Mimi nimo.

"Hapa?"

Hapa.

"Basi sawa," akasema, akaenda kwa kuku wake.