Wanakata Miti ya Mto Ili Wapewe Zawadi ya Kupanda

Songea, Jumatano. Mawingu yametanda tangu alfajiri na hakuna upepo. Mvua ya kwanza ilinyesha jana ikakatika, na leo hewa ni nzito, nyingine inajikusanya. Mkulima gani asiyefurahia mvua?

Mimi leo siifurahii. Naiogopa.

Asubuhi niliteremka kuchota maji kama kawaida. Tunakaa bondeni, nje kidogo ya mji, na kijito kinapita chini ya shamba letu, kando ya miti yetu. Tangu niolewe hapa, mvua ikinyesha maji yanachafuka kidogo kisha yanatulia. Leo yalikuwa mekundu, mazito, yanateremka na matawi mabichi. Juu yake kulikuwa na vumbi la mbao linaelea.

Nikaacha ndoo palepale nikaanza kuufuata mto kwenda juu.

Nieleze kwanza habari ya mradi, maana ndiko yalikoanzia. Wakati wa kiangazi watu wa mradi walikuja wakatukusanya kwenye uwanja wa shule. Walisema wanataka maji yalindwe mapema, kabla hayajaharibika, na hawamlazimishi mtu. Mkulima atakayejitolea kuacha ukanda wa ardhi kando ya mto, akaupanda miti na majani na asipige dawa humo, atapewa mbolea na miche ya parachichi. Watakaowahi watapata zaidi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Watu wakanichagua niongoze kikundi.

Mama mmoja aliuliza: na sisi ambao kando yetu kuna miti tayari, je? Mtaalamu akajibu kwamba hilo bado linaangaliwa. Kwa sasa wanapiga picha ukingo ukiwa wazi, halafu wanapiga tena ukishapandwa.

Watu wakatawanyika. Nilidhani wameridhika. Kumbe walikuwa wanafikiri.

Nilimkuta Mzee Kapistrani, jirani yetu wa juu, amekaa juu ya gogo anakunywa uji. Nyuma yake mikuyu yote ilikuwa chini. Ile mikuyu mikubwa, ambayo hata jua la saa sita ukipita pale unasikia baridi. Ukingo umebaki udongo mtupu, na palipong'olewa visiki umeanza kumomonyoka na kuingia majini. Vijana wawili wa kukodiwa walikuwa wanaijaza mafuta chenso, ule msumeno wa injini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Neema. Umeamkaje?"

"Nimeamka vibaya. Mzee, bomba la kijiji linachota hapo chini tu. Kwa nini umefanya hivi?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Hii miti nimeitunza tangu ujana wangu," alisema. "Hakuna aliyewahi kunipa hata mche mmoja. Yule jirani wa ng'ambo ya mto amelima mpaka kwenye maji, na yeye ndiye anayepewa mbolea. Sasa na mimi ukingo wangu uko wazi. Waje wapige picha, nitapanda. Niambie wewe kiongozi, kosa langu ni lipi?"

Nilirudi nyumbani, nikatoa simu.

Nikampigia mtaalamu wa mradi. Ni kijana mpole, anaongea kwa adabu. Alishtuka kweli, nilisikia. Akasema hawakutegemea jambo kama hili, atalipeleka kwa wakubwa wake, na wiki ijayo watakuja kuona. "Lakini mama, mpango ni wa hiari. Sina mamlaka ya kumzuia mtu kwenye shamba lake."

Nikampigia mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya kutogusa kando ya mto ipo, naijua, ingawa huku kwetu hakuna aliyewahi kuja kuisimamia. Mwenyekiti akasema, "Ndiyo, mama Neema, nimekusikia, tutaitisha kikao." Nyuma ya sauti yake nilisikia chenso inanguruma. Shamba lake liko juu zaidi ya la Mzee Kapistrani.

Nikakata simu bila kuaga.

Mchana bomba la zahanati lilitoa tope. Nesi akalifunga na kutuma watu majumbani kuomba maji safi. Kuna dada alikuwa amejifungua asubuhi, na mtoto wake ameogeshwa kwa maji tuliyochemsha sisi majirani, yaliyokuwa yamebaki kwenye mitungi tangu juzi. Nilimshika yule mtoto kidogo. Ananukia sabuni na maziwa. Nikawaza: mitungi ikiisha, na mvua ikashuka yenyewe, ile ya siku nzima, itakuwaje?

Jioni hii nilimsimulia mume wangu, Anselmi. Nilitaka aje nami kwa majirani tuongee nao kabla wengine hawajakata. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakula. Akanawa mikono.

"Wale vijana wa chenso," akasema, "nimeongea nao. Kesho wakimaliza kwa mwenyekiti wanakuja kwetu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie. Akarudia, na taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Wote wa juu wamekata. Miti yetu peke yake itazuia tope gani? Tutabaki na kivuli, wenzetu wana parachichi. Na wewe ndiye uliyejiandikisha wa kwanza, tutapata zaidi."

Nimemwambia hapana. Nimemwambia kuwa kati ya hapa na lile bomba hakuna miti mingine iliyobaki isipokuwa yetu. Nimemwambia habari ya yule mtoto. Amesema ardhi ni ya baba yake. Katika ndoa yetu yote hajawahi kunitamkia neno hilo. Kisha akaenda kulala, na sasa nasikia anavyopumua. Hajalala.

Nimeshawatumia ujumbe akina mama wa kikundi waje mtoni asubuhi, kabla ya vijana. Wawili wamejibu kwamba watakuja. Wengine wameusoma tu, na baadhi yao najua waume zao wamepanga nini.

Nitakwenda. Hilo nimeshaamua. Hata tukiwa watatu, nitasimama kwenye mti wa kwanza, ule ulioinama juu ya maji, na atakayetaka kuukata aanze kwa kuniondoa mimi.

Ila mtu atakayekuja mbele ya vijana, akiwaonyesha njia, ni Anselmi. Je, atasimama akiniona, au atawaambia waendelee?

Bati limeanza kulia. Mvua imeanza.