Nimemficha Mume Wangu Vidonge vya Usingizi Anavyosema Vinaunga Msuli

Mpendwa mshauri na shangazi yetu, Eeddo Hawo, asalaam aleikum. Naomba unisaidie, maana mume wangu Mursal alipigwa teke la paja na ngamia hapa Buna tukinywesha mifugo, mfupa ni mzima alhamdulillahi lakini msuli ulichanika, daktari akampa mazoezi ya kunyoosha mguu kidogo kidogo, naye akayafanya vizuri mpaka binamu yake Shuaib alipomletea kutoka Nairobi chupa ya melatonini, akamwambia ni homoni ya usingizi na wataalamu wameona inaunga misuli, basi Mursal akawa anameza asubuhi na mchana, analala fofofo, mazoezi ameacha, nikimwamsha ananiambia, "Idman, niache, msuli unajijenga," ndipo nikaificha chupa kwenye gunia la mchele, naye anaisaka nyumba nzima, na nikimwona anachechemea moyo unaniuliza, je, kama ni dawa kweli nimemnyima mguu wake? Tena nashangaa, usingizi na msuli vilikutana wapi?

Idman, Buna

Abaayo Idman, dada yangu, waaleikum salaam. Swali lako la mwisho lilinifanya nimtafute daktari mmoja hapa Garissa, Faiza. Akanieleza kwamba ubongo hutengeneza melatonini giza likiingia, ili mwili ujue wakati wa kulala umefika. Kwa panya walioumia misuli, watafiti wameona inapunguza uvimbe na kusaidia seli changa kujenga upya palipochanika. Kwa hiyo Shuaib hakuzua. Lakini kwa binadamu bado wanachunguza.

"Na mazoezi?" nikamuuliza.

"Kidonge hakitatembea kwa niaba yake," akasema. "Msuli usiotumika hukonda."

Basi hukumnyima mguu. Kosa lako ni kuficha. Mursal si mtoto; akikosa hiyo chupa atanunua nyingine bila wewe kujua. Itoe, mpe mkononi, umwambie sababu. Kisha mwende nayo kliniki, ataje kila dawa anayotumia, hasa kama ana ya presha, ya sukari au ya kuzuia damu kuganda. Wakimruhusu, ameze jioni kwa kipimo watakachompa. Wakimkataza, ubongo wake unamtengenezea bure: aweke simu mbali, alale gizani. Nyama na maziwa asikose.

Na kukipambazuka akisema msuli unajijenga, usibishane naye. Mpe mkono, mtembee pamoja hadi mlangoni. Kesho yake mfike zizini.