Neno Ambalo Hukuniita

Baba,

Mvua hii ya El Nino imeangusha choo, na kaka yangu Muriuki ameanza kuchimba kingine. Kahawa yetu hapa Gakindu imesimama kwenye maji. Lakini sikuandikii kwa sababu ya mvua. Ni lile neno lako la Kizungu, "fool", yaani mjinga. Linanisumbua.

Ulilitoa kwa yule mzungu uliyemfanyia kazi huko Kiganjo ukiwa kijana. Ulituambia aliwaita wafanyakazi hivyo akiwa na hasira, na jioni akamwita mbwa wake hivyo hivyo huku akimkatia nyama. Wewe ukatuletea nyumbani lile la mbwa, la mapenzi. Muriuki akianguka kutoka juu ya mparachichi: "Ati umefanya nini, wewe fool? Kuja nione hiyo mguu." Hata Mama, siku aliyoenda kanisani na sweta imegeuzwa ndani nje, ulimwita fool, na alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi hukuniita hivyo hata siku moja. Nilikuwa na jina la mama yako, kwa hivyo uliniita "maitu", mama yangu, na mama hatukanwi. Unakumbuka nilipochuma kahawa mbichi pamoja na iliyoiva, gunia zima? Nilisimama mbele yako nikilingoja hilo neno. Ukasema, "Maitu, enda upumzike," kisha ukainama ukaanza kuchambua peke yako. Nililia nyuma ya zizi.

Nilikuwa mtoto wako, Baba, au nilikuwa mama yako? Mama anasema ulinipenda kuliko wote. Mbona basi ulicheka na wengine? Nimefikiria mpaka nimechoka, na bado sielewi.

Sasa sikia. Mwanangu wa kiume wa pili, aliyezaliwa baada ya sisi kukuzika, tulimpa jina lako, Ndirangu, kama desturi inavyotaka. Leo amemwaga uji wote ndani ya kiatu changu cha kanisani, ati kiatu iko na njaa. Neno likanijia mdomoni. Mama akaniwahi: "Wee! Huyo ni baba yako!" Nikalimeza. Nikamwambia kwa upole, "Pole, baba, enda ucheze." Alinitazama kwanza. Halafu akaenda kukaa mlangoni peke yake, amenipa mgongo, na nikahisi vibaya sana, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikikaa mimi.

Pumzika, Baba. Jina lako nitalitunza, lakini sitaki huyu mtoto aheshimiwe mpaka akose mtu wa kucheka naye. Nakuahidi, akiharibu kitu tena nitamwita fool kwa sauti na kumkumbatia hapo hapo, Mama akasirike akitaka. Na wewe ukisikia huko uliko, usiseme nimekukosea. Nitakuwa nakuita hivyo na wewe.

Mtoto wako,
Wangechi