Mume Wangu Anakula Ugali Nyumba Mbili

Mpendwa Shangazi Rael, naomba msaada wako kabla sijarudishwa kwetu Ndhiwa kwa sababu ya ugali. Mume wangu Willis alianguka kwenye shamba la miwa, tukamkimbiza hospitali, daktari akasema sukari na presha zimepanda, apunguze ugali uwe kama ngumi yake, sahani ijae mboga, samaki achemshwe, na Willis akaniomba nisimwambie mama yake kwamba alianguka, atashtuka, basi nikanyamaza, nikapika mboga za osuga na sukuma bila mafuta mengi, naye anakula bila kelele, anashukuru, halafu anasema, "Wacha nimsalimie mama." Nikajivunia mwanamume anayempenda mamake. Lakini mbona tumbo linazidi kukua? Jumapili nikampelekea mama mkwe mboga, nikamkuta Willis jikoni kwake na mlima wa ugali na samaki ngege mzima wa kukaanga, jasho linamtiririka. Nikasema, "Mama, daktari amekataza." Akanijibu, akiniita binti wa kwetu, "Nyar Ndhiwa, mimi nilizaa mtoto, sikuzaa kifaranga." Willis akaangalia ukuta. Sasa mama amewaambia akina mama wa kanisa kwamba namkondesha mwanawe, na Willis alipoingia mlangoni kwa ubavu kwa ajili ya tumbo, wakasikitika kwamba kweli amekwisha. Jumamosi wazee wa ukoo wanakuja kuamua kama nirudi kwetu. Je, nirudishe sufuria kubwa nipate amani?

Risper, Uriri

Risper, pole sana, na usiiguse hiyo sufuria. Unataka amani ya matanga? Lakini wewe nawe! Unamficha mama kwamba mwanawe alianguka, halafu unashangaa akimpakulia? Anachoona yeye ni mtoto anayekuja na njaa kila jioni. Wa kulaumiwa ni huyo Willis, mtu mzima anayewaacha wanawake wawili wagombane ili ale mara mbili.

Leo hii, akae mbele ya mamake aeleze kwa mdomo wake jinsi alivyookotwa kwenye miwa. Akianza kukohoa, eleza wewe, yeye akiwepo. Kliniki ijayo nendeni watatu, mama aulize maswali yake yote. Akishasikia, mwombe mpike pamoja, chungu kimoja, jiko moja.

Na wazee wakija Jumamosi, usichinje kuku. Wapakulie chakula kile kile cha Willis. Kikao kitakuwa kifupi.