Kwa Nini Nililia Mbele ya Daktari

Neema mjukuu wangu,

Mnaendeleaje huko Iringa? Hapa Blaine, huku ughaibuni, theluji inayeyuka, na shangazi yako ananipikia uji kila asubuhi. Kidonda changu kimefunga vizuri.

Umeuliza kwa nini nililia daktari aliposema, "Saratani imefika kwenye ini, lakini tutaikata." Nilipokuwa msichana, mama yangu naye aliambiwa imefika kwenye ini. "Mrudisheni nyumbani," daktari akasema. Ndani ya gari mama aliniomba nimsuke nywele, asifike kwake akionekana mgonjwa. Nilisuka polepole, nikitamani safari isiishe.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, shangazi yako aliniuliza nataka nini. Pamoja na uzee wangu huu, nikamjibu, "Namtaka mama."

Akupendaye,
Bibi yako