Buibui Waliokuwa Hai

Mkunazini, Jumatano, masika ya 1968. Mvua tangu alfajiri.

Niwie radhi, rafiki yangu, kwa kukutupa muda mrefu. Msiba wa mdogo wangu uliniondolea hamu ya kuandika. Leo naandika kwa sababu ya jambo nililoliona asubuhi.

Juu ya dirisha langu nyigu alijenga kiota cha udongo. Kwetu hatumvunjii nyumba. Tumeambiwa kwamba hana uzazi: huokota buibui, humfungia ndani, humvumia “kuwa mwanangu, kuwa mwanangu”, mpaka atoke nyigu. Nami nimewafundisha wanafunzi hivyo hivyo.

Wiki iliyopita dada yangu Asha alikuja kutoka Fumba kumwomba Rukia, yatima wa marehemu mdogo wangu, ninayekaa naye. “Kaka, mdudu analea wa watu, mimi nishindwe na damu yangu?”

Nilicheka, nikakubali.

Leo asubuhi unyevu ulikibandua kiota, kikaanguka na kupasuka. Rukia aliinama kabla yangu.

“Ami! Wako hai!”

Nilivaa miwani. Buibui walijaa katika vijumba, wamelegea kama waliolala. Nilimgusa mmoja kwa ncha ya kalamu, mguu ukatikisika. Tumboni mwake mlikuwa na funza mweupe, anamla. Ndipo nilipoelewa: nyigu huwachoma mwiba wasife wala wasikimbie, ili nyama isioze mpaka mwanawe akue.



Adhuhuri Asha alifika kumchukua mtoto. Sikumtajia kiota, dada yangu si mdudu. Nilimuuliza tu nilichopaswa kuuliza mwanzo: skuli ataingia lini?

“Eh, kaka nawe! Skuli haikimbii. Kwanza anisaidie makumbi, mgongo ushanshinda.”

Nimewaona wanawake wa pwani wakiyaponda makumbi ya nazi yaliyooza wapate nyuzi za kamba, matopeni, jua kali, mpaka viganja vipasuke. Rukia ana miaka minane.

“Leo hatakwenda,” nilisema.

“Ushanambia ndiyo! Haya, msuke nywele wewe basi. Ntarudi Ijumaa.”

Aliondoka amenuna.

Kejeli yake imenipata. Mimi ni mgane, mzee, sijui hata kumfunga mtoto kitambaa cha kichwa. Lakini ninalostaajabia zaidi ya funza ni hili: nilikuwa nimekwisha kumtoa mtoto wa marehemu kwa hadithi ya mdudu.

Rukia alitusikia, amejifungia chumbani.

Nikishaamua kumpa Rukia au kubaki naye, nitakuandikia, hata kama uamuzi huo utanikosesha dada.